Duka Halifungwi: Mwongozo kwa Mwenye Duka wa Biashara Street

Kabla ya jambo lolote, nunua faili. Liwe gumu, pana mgongoni, la rangi ya buluu. Jekundu litamtia ofisa wa mikopo wasiwasi. Mgongoni andika kwa herufi kubwa MPANGO WA KUENDELEZA BIASHARA WAKATI WA DHARURA, kisha ulisimamishe juu ya rafu ya mashuka, mahali ambapo mtu wa benki akiingia ataliona kabla hajakuona wewe. Hapo umeshamaliza nusu ya kazi. Wako wanaomleta mshauri kwa ndege kutoka Nairobi ili wafike hapo hapo, tena wakamlipia na pilau.

Nusu iliyobaki ni karatasi za kutia ndani. Kiwango cha kimataifa kinachozielekeza kinaitwa ISO 22301, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2012 na kurekebishwa 2019. Kinachodai si kigumu: ujue biashara yako inategemea nini, nini kinaweza kuisimamisha, utastahimili kusimama kwa muda gani kabla hujafilisika, nani atafanya nini siku hiyo, kisha uujaribu mpango wenyewe uone kama unakwenda. Waliokiandika ni watu makini. Ila hakuna dalili kwamba yeyote kati yao amewahi kuuza leso Mombasa kumi la mwisho la Ramadhani, na hilo linaonekana kwenye maandishi yao.

Kwa msomaji wa bara asiyeujua mtaa: ukisimama Barabara ya Digo, mgongo wako ukiupa Mji wa Kale, na Marikiti ikiwa hapo karibu na harufu yake ya bizari na maembe, Biashara Street ndiyo ile njia nyembamba inayoingia mbele yako, leso zimetundikwa milangoni toka juu hadi chini, vikoi, madera, mabuibui, mapazia, na mkokoteni mmoja uliokwama katikati huku watu wanne wakiuelekeza. Ukisikia "pita, dadangu, kuangalia ni bure," umefika.

Sasa jaza orodha ya hatari. Mshauri atataka kila hatari uipe alama mbili, ya uwezekano wake na ya madhara yake, uzidishe, halafu upake rangi. Usihangaike na tetemeko la ardhi ili uonekane umefikiri sana. Andika mvua: masika kila mwaka, na vuli ikichafuka kama ilivyochafuka wakati wa El Niño ya 1997 na tena Novemba 2023, mitaro ikakataa kumeza maji. Dawa yake ni mbao mbili chini ya kila robota. Limekwisha hilo, geuza ukurasa.

Andika pia uchaguzi. Sijui janga jingine lolote linalotangazwa tarehe yake ndani ya Katiba: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa 5. Linajulikana kabla ya mtoto kuzaliwa, na bado kila likifika utawasikia wafanyabiashara wakisema limewakuta ghafla. Tena hesabu mara mbili. Mwaka 2017 tulipiga kura tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, tukarudi tena foleni 26 Oktoba, na katikati ya hapo hakuna mtu aliyekuwa na haraka ya kubadilisha mapazia.

Kisha stima. Katika safu ya uwezekano andika "ndiyo".

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, na Jumamosi asubuhi sehemu nyingi bado zilikuwa zinangoja. Novemba ikaja zamu nyingine, na Desemba nyingine. Mshauri atakupendekezea jenereta. Ni wazo zuri ikiwa una pa kuiweka, una mafuta, na jirani yako ni kiziwi. Lakini kabla hujanunua, toka nje umtazame fundi wako hapo barazani.

Leso hutoka dukani zikiwa zimeungana, doti nzima, kitambaa kimoja chenye miji miwili (mji ndio ile sehemu ya katikati), na lazima zitenganishwe na zikungwe pindo kabla ya kuvaliwa. Mteja analipa ndani, anatoka, anampa fundi. Fundi hapimi kwa chaki. Anautafuta mstari kwa kidole, anachana kidogo kwa mkasi, halafu anapasua kwa mikono miwili, mlio mmoja mrefu, na nyuzi zinafuata zenyewe. Mguu unashuka kwenye kanyagio, gurudumu linazunguka, kidole gumba kinakunja upindo mbele ya sindano bila macho kuhusika, kwa sababu macho yako kwenye mazungumzo na muuza kahawa. Ncha ya kwanza, ncha ya pili, uzi unakatwa kwa meno. Jumamosi ile ya giza cherehani hiyo haikupata habari yoyote. Kwenye ripoti ya mshauri ingeandikwa "mtambo uliopitwa na wakati". Ndiyo mashine pekee mtaani isiyojua Kenya Power ni nani.

Siku hizi mafundi wengi wamezifungia cherehani mota ndogo pembeni, na hakuna wa kuwalaumu, magoti huzeeka. Agizo ni moja tu: usimwache fundi wako atupe ule mkanda wa ngozi wa zamani. Uandike kwenye faili, ukurasa wake wenyewe, chini ya kichwa "Nishati Mbadala". Ofisa wa mikopo atadhani ni sola.

Tuje kwenye malipo. Umeibandika namba yako ya till mlangoni, ukutani, juu ya kaunta na nyuma ya kikokotoo, na ni kweli kwamba tangu M-Pesa ianze Machi 2007 pesa za karatasi zimekuwa kitu cha wageni na harusi. Siku mtandao ukigoma, mteja atasimama hapo mbele yako na simu juu mkononi kama anayetafuta mwezi mwandamo, doti tatu zimeshafungwa, na tuktuk yake inanguruma nje. Usidhani kwamba kuishi Mombasa kutakusaidia. Nyaya zinazotuletea intaneti zinapita chini ya bahari na kuibukia pwani hii hii, na bado tunakatikiwa pamoja na wa Kisumu, bila punguzo. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilitia nanga pasiporuhusiwa ikaukata waya wa TEAMS. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa wakati mmoja, na Afrika Mashariki nzima ikakaa ikitazama kiduara kikizunguka.

Basi weka akiba ya noti, za chenji hasa. Lakini usiweke nyingi mno wala usizifiche mbali mno. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekufa ifikapo 1 Oktoba, na ndani ya miezi hiyo 4 yalifumuliwa magodoro ambayo hayakuwa yameguswa tangu harusi ya mwenyewe.

Stima ikiwa haipo, mtandao haupo na noti hazipo, kimebaki chombo kimoja, nacho ndicho ningekiokoa kwanza duka likiungua. Ni lile daftari la mistari, jalada limelegea, kalamu imefungwa kwa uzi. Ndani hakuna jina kamili hata moja. Kuna "Mama wa Kuze", "Bi Harusi Majengo", "Mwalimu (mfupi)", "Mrefu wa feri". Mbele ya kila jina kuna doti, mita, tarehe, na mistari ya kukatia kidogo kidogo: 500, 300, 200, kisha miezi mitatu ya kimya, kisha 1,000 kwa mkupuo siku mtoto alipotuma kutoka Saudia.

Mhasibu akiliona daftari hilo atashika kichwa. Ataliita pesa zilizopotea. Mpe kiti na umweleze polepole. Mteja anayedaiwa hawezi kuhamia duka la pili. Lazima apite hapa, na akipita lazima asalimie, na akisalimia ataona kilichoingia wiki hii. Mji ukifungwa mwezi mzima, siku ukifunguliwa yeye ndiye wa kwanza, kwa sababu aibu humtoa mtu nyumbani mapema kuliko tangazo la redio. Nawe pia unadaiwa. Muuzaji wa jumla aliyekuachia robota nne kwa maneno matupu anaiombea biashara yako dua ndefu kuliko mama yako mzazi, maana ukifunga wewe, amefunga yeye. Duka lisilodai wala kudaiwa ni safi, linapendeza kwenye hesabu, na likianguka hakuna atakayegeuza shingo.

Upo mkopo mwingine ambao daftari haliuoni. Mama wa harusi ameingia na dada zake, wanataka doti 20 za rangi moja na jina moja, yaani msemo mmoja, nawe unazo 14. Asiyejua kazi atasema "zimekwisha." Wewe sema, "Kaa, mamangu, kaa hapa kwenye feni, kuna kahawa inakuja." Kijana wako ametoka zamani kwa mlango wa nyuma, yuko duka la tatu kutoka hapa.

"Ami, shikamoo. Baba asema umpe doti 6 za ile nyekundu, atakurudishia Alhamisi."

"Marahaba. Mwambie babako Alhamisi gani? Ile ya mwezi jana bado naingojea."

Lakini anapanda ngazi kuzitoa huku akinung'unika, kwa sababu Jumatatu yeye ndiye aliyekosa kikoi cha buluu akaja kwako. Katika faili la mshauri mtu huyu ameandikwa chini ya "Washindani". Mhamishe. Kichwa cha ukurasa kiwe "Ghala la Dharura", na gharama yake ya mwezi ni vikombe kadhaa vya kahawa chungu na uvumilivu wa kusikiliza habari za goti lake.

Mshauri, akifika ukurasa huu, atakushauri kwa sauti nzito usitegemee kitu kimoja. Mjibu kwa adabu kwamba bidhaa unayouza imekuwa ikisema hivyo kabla babu yake hajavaa suruali. Leso huuzwa doti, mbili mbili: moja ya kujifunga, moja ya kujitanda, na ikichanika moja, mwenyewe hakutembea uchi. Wahenga walilimaliza: wastara hazumbuki, wambili havai moja. Utaisoma hiyo kwenye leso yenyewe, chini ya mji, kwa bei isiyofikia saa moja ya ushauri.

Kuhusu uagizaji, jifunze kwa kitambaa. Leso za pwani hii zimewahi kuchapwa Uholanzi na Manchester, zikachapwa Japani na India. Baada ya uhuru viwanda vya Kenya na Tanzania vikashika zamu, Urafiki ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Leo nyingi hutoka India na China. Vita viwili vya dunia vimepita hapo katikati, himaya imeondoka, viwanda vimefunguliwa na kufa, na upindo wa leso bado unaweza kusomeka K.H.E. – Mali ya Abdulla, alama ya Kaderdina Hajee Essak wa mtaa huu huu, anayetajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitia leso maneno mwanzoni mwa karne ya 20. Anayechapa amebadilika mara nyingi kuliko anayeuza, na anayevaa hakuulizwa.

Bahari nayo ina visa vyake. Mfereji wa Suez ulifungwa Juni 1967 ukafunguliwa Juni 1975, miaka 8 kamili. Machi 2021 meli ya Ever Given iliuziba siku 6, na dunia ikalia kana kwamba ni miaka 8 tena. Tangu Novemba 2023, Wahouthi walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, meli nyingi za Ulaya zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hapo mwenye duka wa Mombasa ana haki ya kucheka kidogo, kwa sababu mzigo wa Mumbai haupiti Suez hata kwa bahati mbaya. Unakatiza Bahari ya Hindi moja kwa moja, njia ile ile ya kaskazi tangu enzi za majahazi. Acheke kidogo tu. Meli zikiwa zimefungika safari ndefu, makontena huwa haba, na bei ya kontena huja kumtafuta hata aliyekaa njia nyingine kabisa. Ongeza hapo shilingi, iliyofika 160 hivi kwa dola Januari 2024 na ikarudi karibu na 130 katikati ya mwaka huo huo. Aliyeagiza Januari na aliyeagiza Juni waliuza leso moja, mtaa mmoja, na mmoja wao hataki kuzungumzia jambo hilo.

Maandamano yanahitaji ukurasa mrefu, maana hapa ufundi ni wa mkono. Mgeni hufunga duka kabisa au huliacha wazi kabisa. Yote mawili ni ujinga. Ukifunga kabisa, umepoteza siku nzima kwa maandamano ambayo huenda yakaishia chai ya saa nne. Ukiacha wazi kabisa, bomu la machozi halichagui, na moshi wake ukishaingia kwenye pamba hautoki kwa jua la siku moja. Kinachofanyika ni nusu. Shata inateremshwa hadi usawa wa kifua. Leso za mlangoni zinaingizwa, isipokuwa moja ya rangi isiyofanana na chama chochote. Mwaka wa siasa hilo peke yake ni utafiti. Kiti cha plastiki kinawekwa ndani ya kizingiti, mwenye duka anakaa humo akionekana miguu tu. Kijana anatumwa pembeni mwa Barabara ya Digo na simu, na kazi yake si kutazama waandamanaji bali kuwatazama wauza miwa. Muuza miwa akianza kuusukuma mkokoteni wake bila kuuza, una dakika tano. Akiuacha mkokoteni na kukimbia, huna.

Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipojaa barabarani nchi nzima kuupinga Mswada wa Fedha, ufundi huu ulifanya kazi toka asubuhi, pamoja na tatizo ambalo hakuna faili lililokuwa limelitaja: baadhi ya waandamanaji walikuwa watoto wa wenye maduka. Shata nusu, basi, na chupa za maji mlangoni.

Hapa mwongozo lazima ukae chini kidogo, kwa sababu kuna mwaka ambao haya yote hayakutosha.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mwishoni mwa Aprili Ramadhani ikaandama. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale nao ukafungiwa peke yake, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, na soko na mikahawa ndani yake ikazimwa hadi mwanzoni mwa Juni.

Ukiziweka tarehe hizo kando ya kalenda ya mtaa, utaona zilivyopangwa kana kwamba na adui anayeijua kazi. Biashara Street hula mwaka mzima kwa wiki mbili. Mchana wa Ramadhani ni wa kupita tu, watu wamechoka, wanauliza bei kwa macho. Soko lenyewe huanza baada ya tarawehe: taa zote zimewashwa, kina mama wametoka na watoto, fundi ana rundo linalomfika kidevuni, kashata na kahawa zinazunguka, na mtu hununua leso ya mama, ya mama mkwe, ya yaya na ya jirani kwa pumzi moja hadi saa 6 usiku. Mwaka huo saa 1 jioni, futari bado iko mdomoni, kila mtu alitakiwa awe ndani. Wateja wa Kwale na Kilifi walikuwa upande wa pili wa kizuizi. Wa Mji wa Kale, ambao kwa kawaida huvuka Digo kwa miguu na ndara, walikuwa upande wa pili wa kizuizi kingine. Baadhi ya mafundi waliishi huko huko. Idd ikaja Mei hiyo hiyo, na kabla ya hapo sikuwahi kuona mtaa ule ukiwa na nafasi ya kugeuzia gari.

Na yule jirani, ghala la dharura? Naye alikuwa amefunga. Hilo ndilo tundu la hekima yote niliyoiuza hapo juu. Mtaa unajua kubebana wakati mmoja ameanguka. Wote wakianguka siku moja, kila bega limelala chini. Ningekuwa mwongo kukwambia kahawa chungu inatibu hilo.

Kilichofanyika kilikuwa kidogo kidogo, na hakikuwa na kichwa cha habari. Mafundi waligeukia barakoa, na vipande vya leso vilivyokuwa vikifagiliwa jioni vikaanza kuhesabiwa. Picha za doti zikaanza kuzunguka kwenye WhatsApp, mwanga mbaya, kidole cha mpigapicha kikionekana, na chini yake "hii ipo, hii imeisha, hii jina lake siwezi kulisema kwa sauti." Boda akawa mlango wa duka. Wenye nyumba waliokubali nusu ya kodi wanaombewa hadi leo. Waliokataa nao wanatajwa, ila si msikitini. Na lile daftari likasomwa kinyume: badala ya kupigiwa simu walipe, wateja walipigiwa waulizwe wanaendeleaje. Baadhi walilipa kwa aibu ya kuulizwa. Wengine waliomba unga, wakapewa, ikaandikwa. Mombasa ilifunguliwa tarehe 7 Julai, na waliokuja kwanza walikuwa wale wale wenye majina ya nusu.

Mshauri atauliza juu ya bima ya kusimama kwa biashara. Nunua ukiweza, lakini isome ukiwa na miwani na mtu mbishi. Moto upo. Machafuko ya kisiasa kwa kawaida huuzwa kando, kwa malipo yake. Maradhi ya kuambukiza ni kitendawili: hata Uingereza, nchi iliyozoea bima kama sisi tulivyozoea nazi, wenye mikahawa na maduka walibishana na kampuni zao hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 iliamua sehemu kubwa kwa faida ya wenye bima. Miezi 10 ya kungoja sentensi moja ifafanuliwe. Muuza miwa hangengoja.

Limebaki jaribio. Kiwango kinataka mpango ujaribiwe mara kwa mara, na makampuni makubwa hutenga siku, huvaa fulana za kung'aa, hutoka nje kwa mstari na kupigana picha. Wewe huna haja. Wewe unafunga kila siku adhuhuri, na Ijumaa mapema zaidi, unakwenda kusali, unakula, unajinyoosha, na alasiri unafungua ukikuta wateja wamekaa kwenye ngazi wanakungoja. Watalii wanalishangaa jambo hilo na wanauchumi wanalisikitikia. Lakini mtu aliyeifunga na kuifungua biashara yake maelfu ya mara, na anajua kila mteja atarudi saa ngapi, amefanya mazoezi ambayo benki yake haijayafanya.

Nimeacha hatari moja, kwa sababu haimo kwenye orodha ya mshauri wala haina rangi ya kupakwa. Pitia maduka yaliyofungwa kabisa mtaani kwa miaka hii, yale ambayo sasa yanauza vifuniko vya simu. Machache sana yaliuawa na mafuriko. Mengi yaliuawa na shahada. Mzee alisomesha watoto kwa leso, wakasoma vizuri, mmoja ni mfamasia Toronto, mmoja anahesabu pesa za watu Dubai, binti ni wakili Nairobi, na siku mzee aliposhindwa kupanda ngazi ya ghala hakukuwa na mtu aliyejua kipi kiko wapi. Zipo familia za Kihindi ambazo daftari la babu liliandikwa kwa Kigujarati, hesabu safi, mwandiko wa kupendeza, na mjukuu anaweza kulisifu tu. Nani anadaiwa, nani anadai, yupi hulipa baada ya korosho na yupi hulipa akitishwa: yote yamo humo, yamefungwa.

Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa faili, ule unaoitwa "Mrithi wa Majukumu", usiuachie mshauri. Chagua mtu. Akiwa ni mwanao, vyema. Akikwambia ana mkutano kwenye kompyuta, mwite yule msaidizi wa Rabai aliyekubebea marobota miaka yote na ambaye tayari anakuuzia nusu ya duka wewe ukiwa unasoma gazeti. Mpandishe mshahara kwanza, kisha mpe ufunguo wa pili. Fanyeni mchana, wateja wakiwa wachache. Kaeni na daftari, jina kwa jina. Mwonyeshe Mama wa Kuze nyumba yake ni ipi. Mwambie kwamba Mwalimu (mfupi) amekuwa mrefu siku hizi, ana duka lake Kongowea, na kwamba muuzaji wa jumla husema bei mara tatu na ya kweli ni ya pili. Na Mrefu wa feri asimkopeshe tena mpaka alipe zile doti mbili za harusi ya shangazi yake, ambaye kwa hesabu yangu ameolewa mara tatu sasa.